Daftari la Petroli

Baba aliniachia gari moja jekundu,
funguo mbili, na daftari linalonuka oili.
Mazda, la mwaka themanini na tano.
Nililiegesha mbele ya nyumba yetu, Fuchu,
upande wa Hiroshima unaotazama mgongo wa kilima cha Hijiyama,
nikabandika bei kwenye kioo, nikasubiri.

Alitangulia Bwana Nagatoshi, mwalimu mstaafu.
Akalizunguka mara mbili kama anayenunua ng'ombe.
"Mimi ninalo lile dogo la kampuni hiyohiyo," akasema,
"miaka kumi na minne, halijaninyima asubuhi hata moja.
Hili lako? Mlevi mwenye sura nzuri."
Akagonga bati juu ya gurudumu la nyuma.
Kutu ikamjibu.

Sikubishana. Mlevi ni mlevi.
Ila nilitaka kumweleza walikotoka hawa watu:
kwamba mwanzo hawakuwa na habari na magari,
walikuwa wakishughulika na magome ya mti, wakitengeneza vizibo;
biashara ikawachachia, wakageukia vyuma,
na babu yangu akaajiriwa kufunga minyororo
kwenye vigari vya mizigo vya magurudumu matatu.

Asubuhi ile ya Agosti babu alikuwa zamu.
Kilima kikasimama kati yake na mwanga.
Dada yake alikuwa upande wa pili.
Zaidi ya hapo babu hakusema, nami siongezi.
Kabla mwaka haujaisha walikuwa wanaunda tena
matatu, matatu, matatu,
maana mji mzima ulikuwa wa kubebwa:
mbao, mchele, mabati, wagonjwa.

Baba alirithi kiwanda kama wengine wanavyorithi shamba.
Yeye akaikuta injini isiyo na pistoni:
pembetatu yenye vitambi, ikizunguka
ndani ya chumba chenye umbo la ganda la karanga.
Ilibuniwa Ujerumani. Wengi waliinunua, wengi wakaitupa.
Ilikuwa ikijikwaruza yenyewe ukutani,
mistari kwa mistari; wakaiita kucha za shetani.
Kazi ya Baba ilikuwa kuihesabu mistari ile kwa kurunzi,
usiku, mchana,
hadi akakosa cha kuhesabu.
Mama anasema siku hiyo alirudi akalala na viatu.

Wa pili alikuwa kijana, Ryosei, fundi wa friji kutoka Kure.
"Ukiifikisha mizunguko elfu saba," akaninong'oneza,
kama anayetoa siri za mchumba,
"haitetemeki. Inavuma tu, kama nyuki aliyekwenda shule."
Hakuwa na pesa.
Alikaa kwenye usukani nusu saa, mikono mapajani,
akaninunulia kahawa ya kopo, akaenda zake.

Wa tatu, Bi Hatsue Mikuriya,
alifungua daftari kabla ya boneti.
Akasoma kwa sauti mwandiko wa Baba, mdogo kama sisimizi:
"Lita hamsini na moja. Kilomita mia tatu na nne. Aibu."
"Lita arobaini na nane. Aibu tena."
"Limegoma kuwaka mbele ya wageni. Nilistahili."
"Oili imepungua. Mimi pia."
Ukurasa hadi ukurasa, miaka thelathini na minane.
Sijasikia mwenye gari aliyelisema gari lake vibaya hivyo,
wala aliyeliosha hivyo kila Jumapili,
mpaka ndani ya matundu ya skrubu, kwa mswaki.

Mahali pamoja tu hakuandika lita wala kilomita:
"Nimempeleka mtoto kuona bahari.
Amelala njia nzima, kona zote.
Basi ni kweli, haitetemeki."

Bi Hatsue akanyamaza kidogo.
Hakuuliza mtoto ni nani. Aliuliza bei, kama ni ileile.
Nikamwambia gari, ndiyo. Daftari haliuzwi.
"Haya," akasema, akitafuta pochi,
"nitanunua langu. Na kalamu mbili,
kwa jinsi linavyokunywa."